Tusiipake Rangi Upya Ndege ya Ukumbini



Kila mwaka kitabu chetu hiki huwa na makala moja ya kuleta ubishi, na safari hii fungu limeniangukia mimi. Sikulikataa, kwani jambo lenyewe limenikaa moyoni. Ni lile la ndege ndogo iliyo juu ya kabati la vitabu katika ukumbi wetu hapa Birmingham. Wengi wenu mnaijua kwa kuipita tu. Watoto wanaijua zaidi, kwa sababu wamekatazwa kuigusa.

Kwa wale ambao hawajaitazama vizuri, huo ni mfano wa ndege ya abiria ya jeti, aina ya Comet 4, yenye jina la East African Airways ubavuni na herufi VP-KPJ upande wa nyuma. Ncha ya bawa la kushoto imevunjika, na katika yale matangi mawili ya mafuta yanayochomoza mbele ya mabawa, moja halipo. Rangi nyeupe imegeuka kuwa ya siagi. Sasa kamati inataka shauri kabla ya mkutano mkuu, na rai zilizokwisha kutolewa ni tatu. Ya kwanza ni kuiuza, kwa kuwa wapo watu wanaokusanya vitu vya namna hii na hutoa fedha nzuri. Ya pili ni kuipaka rangi upya iwe na bendera. Lakini bendera ya nani? Hapo ndipo palipozuka maneno, maana wa Mombasa wanataka ya Kenya, wa Dar es Salaam na Visiwani wanataka ya Tanzania, na familia zilizotoka Kampala na Jinja zinasema ndege ile ilikuwa yao. Ya tatu ni kuitia sandukuni na kuiweka stoo, ugomvi uishe.

Mimi nazipinga rai zote tatu. Nasema iachwe kama ilivyo, na chini yake pawekwe maandishi ya kueleza ilikotoka, matamu na machungu yake pamoja.

Chuoni, tulipokuwa wadogo, mwalimu alitufundisha kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imepokewa kwa nani, naye aliipokea kwa nani, mpaka ifike kwenye asili yake. Hiyo ndiyo isnadi. Habari isiyo na isnadi huwekwa kando, hata ikipendeza vipi. Naona kanuni hiyo inafaa kwa vitu pia. Kitu ambacho hakuna ajuaye kilikotoka huwa pambo, na pambo likichakaa hutupwa. Basi niruhusuni niitafutie ndege yetu isnadi yake.

Nianze na mfano wenyewe. Haukutengenezwa kwa ajili ya mchezo wa watoto. Zama hizo mashirika ya ndege yaliagiza mifano mikubwa mikubwa na kuwagawia mawakala wa safari waiweke madirishani, ili mpita njia aione, atamani, aingie kuuliza nauli. Hapa Uingereza walikuwapo mafundi waliojulikana kwa kazi hiyo, kama vile Westway wa London na Space Models wa Feltham. Wetu hauna jina la fundi chini ya kitako chake. Tujualo ni kuwa ulikaa katika dirisha la wakala mmoja wa safari, na wakala alipofunga duka lake, mmoja wa wazee wetu aliuomba akapewa bure. Akauweka sebuleni kwake Sparkbrook kwa miaka mingi, juu ya televisheni, na alipofariki wanawe wakauleta ukumbini. Hiyo ni isnadi fupi, lakini ni sahihi, na waliosimulia wapo hai.

Nimeupima kwa rula, tabia ya ualimu haiishi. Mwili una inchi 18 na nusu na kidogo. Bawa la kulia, ambalo ni zima, nililipima peke yake kutoka katikati ya mwili nikalizidisha mara mbili, nikapata inchi 19 na kidogo. Comet 4 ya kweli ilikuwa na urefu wa futi 111 na nusu, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa futi 114 na inchi 10. Gawanyeni, mtaona kwamba kila inchi moja ya mfano ni futi 6 za ndege. Hicho ndicho kipimo cha 1 kwa 72. Mtu mrefu wa futi 6 akipunguzwa kwa kipimo hicho huwa na kimo cha inchi moja, kiasi cha pingili ya kidole gumba. Maana yake aliyeuchonga hakukisia. Alikuwa na michoro mbele yake.

Nalitaja hili kwa sababu yupo ndugu aliyesema kwamba huu uliovunjika tuuache, tununue mfano mpya wa plastiki wa kuunganisha, tuupake rangi tunazotaka. Fikra si mbaya, lakini Comet ya plastiki waliyoitoa Airfix ni ya aina ya 4B, ambayo mwili wake ni mrefu zaidi kwa futi 6 na nusu, mabawa yake ni mafupi zaidi kwa futi 7, na haina yale matangi ya mabawani. East African Airways haikupata kuwa na 4B. Tukiiweka hiyo ukumbini tutakuwa tumewafundisha watoto wetu uongo wa futi 6 na nusu.

Sasa tuje kwenye ndege yenyewe. Comet iliundwa na kampuni ya de Havilland huko Hatfield, kaskazini ya London, na iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949. Ndiyo iliyokuwa ndege ya kwanza ya jeti duniani kuingia katika kazi ya kuchukua abiria. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC lilianza nayo safari ya kwanza ya jeti ambayo mtu alikata tikiti na kulipa nauli. Na safari hiyo haikwenda New York wala Paris. Ilitoka London, ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya kutimia saa 24. Liangalieni vizuri jina la Entebbe. Safari za jeti za kuvuka bahari kwenda New York zilianza Oktoba 1958, zaidi ya miaka sita baadaye. Mtoto wetu anayesikia skulini kwamba mambo mapya yote yalianzia kwengine, kisha yakatufikia sisi yakiwa makuukuu, na aambiwe hili.

Lakini hadithi haikuendelea vizuri, na sitaki tuifiche sehemu hii. Tarehe 10 Januari 1954, ndege ile ile iliyofanya safari ya Mei 1952, namba yake G-ALYP, iliondoka Rome ikielekea London, na haikupata kufika. Ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba na watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo Comet nyengine, iliyokuwa katika safari ya South African Airways kutoka Rome kwenda Cairo, ilianguka baharini si mbali na Naples, wakafa watu 21. Comet zote zikasimamishwa.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotaka mnisikilize, maana ndipo ilipo hoja yangu yote. Waingereza wangeweza kulaumu hali ya hewa, au rubani, au adui, na wapo waliosema hivyo. Badala yake walivua mabaki kutoka chini ya bahari na kuyapeleka Farnborough, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, wakayapanga juu ya kiunzi cha mbao, kila kipande mahali pake. Wakachukua Comet nyengine nzima wakaizungushia tangi kubwa la maji, wakawa wanaujaza mwili wake kwa msukumo na kuupunguza, tena na tena, kama kwamba inapaa na kutua. Baada ya kiasi cha safari 3,000, za kweli na za kuigiza pamoja, mwili ukapasuka. Sababu ikadhihirika. Bati lilikuwa limechoka. Kila safari lilivimba kidogo na kunywea kidogo, na machovu yakakusanyika kwenye pembe za matundu yaliyokatwa mwilini, mpaka ufa ukapata njia.

Kisha wakafanya jambo jengine ambalo wachache wanalijua. Walitengeneza mfano wa chumba cha abiria kwa kipimo cha 1 kwa 10, wa plastiki angavu, wenye viti vidogo na vinyago vya watu ndani yake, wakaupasua kwa msukumo wa hewa huku wanaupiga picha za sinema. Walitaka kujua abiria walipatwa na nini katika nukta ile ya mwisho, na kwa nini majeraha ya maiti yalikuwa vile yalivyokuwa. Mfano mdogo ukatoa ushahidi ambao ndege kubwa, iliyolala vipande vipande, haikuweza kuutoa. Asije basi mtu akaniambia kwamba mfano wa ndege ni mchezo wa kuchezea.

Kutokana na elimu hiyo iliyonunuliwa kwa roho za watu ndipo ikaja Comet 4, yenye bati nene zaidi, madirisha ya mviringo, na injini nne za Rolls-Royce Avon zilizofichwa ndani ya shina la mabawa. Tarehe 4 Oktoba 1958 BOAC ilianza nayo safari za Atlantiki. Na Comet 4 ndiyo iliyonunuliwa na shirika letu.

Nasema letu, na najua wapo watakaonyanyua nyusi. East African Airways ilianza kazi Januari 1946, mali ya serikali nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Fungu la Kenya lilikuwa kubwa kuliko yote na la Zanzibar dogo kuliko yote. Ndege zake za mwanzo zilikuwa Dragon Rapide, za mabawa mawili mawili yaliyopandana, ambazo nazo ziliundwa na de Havilland. Mwaka 1958 kikafunguliwa kiwanja kipya cha Embakasi, Nairobi. Mwaka 1960 zikaja Comet mbili, VP-KPJ na VP-KPK, na mwaka 1962 ikaja ya tatu, VP-KRL. Kutoka Dragon Rapide hadi jeti ilikuwa miaka 14 tu.

Ama machungu yake ni haya. Mwaka 1960 hakuna hata moja katika nchi zetu iliyokuwa huru. Herufi VP zilikuwa alama ya himaya ya Kiingereza, na K ni ya koloni ya Kenya. Viti vya ndege ile vilikaliwa zaidi na maofisa, walowezi na matajiri. Watu wetu wa pwani, walio wengi, hawakuipanda. Waliokuja Uingereza miaka hiyo walikuja kwa meli za Union-Castle au British India, na masanduku yao ya bati, na wengine wenu bado mnayo masanduku hayo juu ya makabati. Jeti tuliitazama inapita juu, au tukautazama mfano wake dirishani kwa wakala. Mwenye kuyapamba mambo akasema kwamba wazee wetu wote walikuwa wakipaa baina ya Nairobi na London, huyo hakuwa huko, au alikuwako na amesahau.

Lakini uhuru ulipokuja, Tanganyika Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963, ndege zile zilibakia mali ya wote. Na hapa pana jambo dogo ambalo peke yake linatosha kukata kesi ya bendera. Herufi za kikoloni zilipofutwa, kila nchi ilipewa alama yake, Kenya 5Y, Tanzania 5H, Uganda 5X. Comet zetu tatu zikagawanywa kwa usajili, moja kila nchi. VP-KRL ikawa 5Y-AAA ya Kenya. VP-KPK ikawa 5H-AAF ya Tanzania. Na VP-KPJ, hii hasa iliyo juu ya kabati letu, ikawa 5X-AAO ya Uganda.

Basi fikirini. Wa Mombasa wakisema ndege hii ilisajiliwa Kenya, wamesema kweli. Wa Kampala wakisema ilikuwa ya Uganda, nao wamesema kweli. Wa Dar es Salaam na Visiwani wakisema nasi tulikuwa na fungu ndani yake, hawakudanganya. Kila mmoja ameshika kipande cha kweli, na tatizo linakuja pale anapotaka kipande chake kipakwe rangi kifunike vya wenzake. Herufi VP-KPJ zikifutwa, ushahidi wa ukweli wote huo unafutika pamoja nazo. Tutabaki na ndege ya nchi moja ambayo haikupata kuwapo.

Yaliyofuata wengi mnayakumbuka. Mwaka 1966 zikaanza kuja Super VC10, na Comet zikaanza kuonekana za zamani. Mwaka 1967 ukatiwa saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Kampala, ukaanza kazi tarehe 1 Desemba. Muda wa miaka kumi tu, Jumuiya ikavunjika. Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikasimama, Kenya ikaunda shirika lake, Tanzania ikaunda lake, Uganda ilikuwa imekwisha kuunda lake, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa kwa miaka kadhaa. Kazi ya kuhesabu na kugawa mali na madeni alipewa Mswisi, Victor Umbricht, na makubaliano hayakutiwa saini mpaka 1984. Super VC10 nne zikaishia katika jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa za kuwajazia wenzake mafuta angani. Ya mwisho kuruka, iliyokuwa 5H-MMT, ilitua kwa mara ya mwisho tarehe 25 Septemba 2013. Ndege zilidumu miaka 36 baada ya shirika lenyewe kufa. Bati lilistahimili kuliko udugu.

Sasa nauliza. Sisi mabaki yetu tumeyapanga wapi? Serikali, pamoja na tunavyozilaumu, zilifanya jambo. Mkataba mpya wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 umetaja katika utangulizi wake sababu za ile ya kwanza kuvunjika: upungufu wa nia thabiti ya kisiasa, wananchi na sekta binafsi kutoshirikishwa vya kutosha, faida kugawanywa bila ya uwiano kwa sababu nchi hazikuwa sawa kimaendeleo, na kukosekana sera za kulirekebisha hilo. Ukisoma sentensi ile utaona ni kama taarifa ya Farnborough. Inaonyesha bati lilichoka wapi na ufa ulianzia pembe gani.

Sisi humu ukumbini hatujafanya hivyo. Tumekaa pamoja katika mji huu miaka hamsini na zaidi. Tumezikana pamoja, tumeozana, tumechangiana. Lakini zikitajwa sababu zilizotuleta huku, kila mmoja hurudi katika kona yake. Wa Unguja na Pemba anayo yake ya Januari 1964. Wa Uganda anayo yake ya 1972. Wa Kenya anayo yake ya 1968, ile Februari ambayo watu waliwahi ndege za Nairobi kabla sheria ya uhamiaji ya Uingereza haijafunga mlango. Kila mtu anasimulia kipande chake kama ndiyo ndege nzima, na aghalabu mwenye lawama ni jirani wa meza ya pili. Vijana wetu wakiuliza huambiwa, "Mambo ya zamani hayo, achana nayo." Wanaachana nayo kweli. Kisha tunalalamika kwamba hawataki kuja ukumbini.

Ndiyo maana siafiki ndege kutiwa sandukuni. Sanduku ni ile "achana nayo" iliyotengenezewa kifuniko. Siafiki pia kupakwa rangi, kwa kuwa rangi mpya ni njia ya kuficha ufa, na ufa uliofichwa haujazibwa. Ama kuiuza, nasema hivi: fedha itakayopatikana italipa labda bili ya gesi ya majira ya baridi moja. Na mjue kwamba katika Comet zilizohifadhiwa nchini humu hakuna hata moja iliyokuwa ya East African Airways. Zile tatu zimekwisha. Ya Duxford ilikuwa ya BOAC. Anayetaka kuiona Comet nzima karibu na sisi na apande treni New Street, apite Wolverhampton, ashuke Cosford. Katika jumba la makumbusho la jeshi la anga pale ipo Comet 1, G-APAS, ya pekee ya aina hiyo iliyobaki nzima, ambayo asili yake ilikuwa ya Air France. Ni nzuri, lakini haisemi habari zetu. Na hata ndege kubwa ya makumbusho haina amani ya milele. Pale pale Cosford, mwaka 2006, ilikatwa VC10 ya BOAC iliyokuwa imewekwa uwanjani miaka mingi. Kitu kikubwa kinahitaji bajeti. Kidogo kinahitaji watu wenye nia tu.

Nimesikia pia hoja ya upande wa pili, nayo inastahili jibu. Mama mmoja tunayemheshimu sana alisema, "Mwalimu, tukianza kuyafukua haya ukumbi utagawanyika. Heri amani." Najua asemayo, na simdharau. Ameona mengi kuliko mimi. Lakini Comet haikuanguka kwa kuchunguzwa. Ilianguka kwa sababu ilikuwa bado haijachunguzwa, na ilipochunguzwa ndipo ikaruka tena, ikaendelea na kazi ya abiria hapa Uingereza kwa Dan-Air mpaka Novemba 1980. Na kupanga mabaki si kushitakiana. Kule Farnborough hawakuanza kwa kuuliza nani mwenye kosa. Waliuliza kwanza kipande hiki kilikuwa wapi.

Basi napendekeza kwa kamati mambo manne, na yote hayazidi uwezo wetu.

La kwanza, mfano ufutwe vumbi kwa kitambaa laini na usiguswe kwa rangi wala gundi. Ncha ya bawa iachwe ilivyovunjika. Uwekewe sanduku la kioo, na kijana yeyote mwenye mkono wa useremala atapata sifa kwa kulitengeneza.

La pili, chini yake pawekwe kadi yenye maandishi ya Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiswahili nimekwisha kuiandika, nayo ni hii: "Comet 4, kipimo 1 kwa 72. Mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, 1960. Ilianza VP-KPJ, ikawa 5X-AAO. Shirika lake lilivunjika mwaka 1977. Muulize mzee aliye karibu nawe kwa nini, kisha muulize na mwengine."

La tatu, pembeni pawekwe daftari. Kila familia iandike ukurasa mmoja: mlitoka wapi, mwaka gani, kwa meli au kwa ndege, mliacha nini, na nani alikusaidieni njiani. Sharti ni moja, lile la chuoni. Uliloliona mwenyewe, andika kwamba umeliona. Ulilolisikia, andika umelisikia kwa nani. Wala asiandike mtu habari za jirani. Jirani ana ukurasa wake.

La nne, katika likizo ya Pasaka tuwapeleke watoto Cosford. Jumba lile halitozi kiingilio. Waione Comet kubwa kwa macho yao, warudi waitazame ndogo, na kila mmoja apewe rula.

Haya ndiyo maoni yangu. Najua mkutano mkuu utakuwa na maneno, na mimi nitakuwa nimekaa safu ya mbele. Asiyekubaliana nami simwombi anyamaze. Namwomba aje na kipande chake mkononi: tikiti, paspoti kuukuu, picha, barua, au kumbukumbu aliyoiona kwa jicho lake. Na kama muda hautatosha siku hiyo, basi anijibu kwa kalamu katika kitabu cha mwakani. Nitakisoma, inshallah, mwanzo mpaka mwisho, na rula yangu pembeni.